Maradhi Yasiyolia: Habari za Kichocho na Watoto wa Shule

Yako maradhi yapigayo kelele, na yako maradhi yakaayo kimya. Homa hupiga kelele: mtoto akishikwa nayo hutetemeka na kumwita mama yake. Jino hupiga kelele, na kidonda cha mguu hupiga kelele. Lakini mengine huingia mwilini kama mgeni asiyebisha hodi, yakakaa mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na mwenye nyumba asijue kwamba anakula sahani moja na mwivi. Katika hayo tumechagua moja tulisimulie, ambalo jina lake mnalijua wote, nalo ni kichocho.

Sisi ni walimu, wala si kazi yetu kufundisha uganga. Tunachokusudia ni historia: jinsi wanadamu walivyokaa na maradhi haya kwa maelfu ya miaka, jinsi walivyokuja kuyatambua, na jinsi mtoto wa shule ya shamba na mwalimu wake walivyopata mahali pao katika habari hiyo. Mahali hapo si padogo, kama mtakavyoona.

Kwanza tukumbuke kwamba kichocho ni maradhi ya kale. Mwaka 1910, Marc Armand Ruffer, mganga aliyekuwa akifanya kazi Misri, alichunguza figo za maiti za kale, zile ambazo Wamisri walizikausha kwa dawa na kuzifunga sanda ili zisioze. Katika figo za maiti wawili wa zamani za wafalme wa nasaba ya 20 aliona mayai ya kichocho, yamegeuka kuwa magumu kama chokaa. Watu hao walikufa zaidi ya miaka 1000 kabla ya kuzaliwa Kristo. Basi mkulima aliyelima kando ya Nili, akasimama majini toka asubuhi hata jioni, alikuwa na mnyoo uleule unaompata leo kijana aogaye katika lambo la Usukuma au katika kijito cha Pemba.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1798 majeshi ya Wafaransa, chini ya Napoleon Bonaparte, yaliingia Misri, yakakaa huko mpaka mwaka 1801. Askari wao walioga na kunywa maji ya nchi, na baada ya muda wengi wakaona damu katika mkojo wao. Waganga wa jeshi walitafuta sababu, wakadhani ni joto la nchi na majasho mengi. Wao waliona ajabu kwa kuwa walikuwa wageni. Wenyeji hawakuona ajabu. Na si Misri tu: katika sehemu nyingi za Afrika watu walidhani kwamba damu katika mkojo wa mvulana ni dalili ya kukua, ni jambo la umri, kama vile sauti inavyokuwa nzito na ndevu zinavyoota. Mvulana alipoiona hakushtuka, maana kaka yake aliiona kabla yake, na baba yake kabla ya kaka.

Hapa ndipo penye siri ya kwanza ya maradhi haya. Hayakufichika kwa sababu hayaonekani. Yalifichika kwa sababu yalizoeleka. Jambo likimpata mtu mmoja huitwa ugonjwa. Likiwapata watoto wote wa kijiji huitwa desturi.

Aliyeifungua siri ya mnyoo wenyewe alikuwa kijana. Theodor Bilharz, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1825, alifika Cairo mwaka 1850 akafanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini. Mwaka 1851, alipokuwa akipasua maiti ili ajue sababu ya kifo, aliona katika mishipa ya damu ya ini minyoo miembamba, myeupe, ambayo hakuna aliyepata kuieleza kabla yake. Akachunguza zaidi, akaona kwamba dume ana mfuo mwilini mwake, na jike hukaa ndani ya mfuo huo kama upanga katika ala. Kisha akayaona mayai yake katika kibofu cha wagonjwa, akafahamu kwamba mnyoo huyu na damu ya mkojo ni habari moja. Bilharz hakuishi sana. Alifariki mwaka 1862, umri wake miaka 37 tu. Lakini jina lake lilibaki, na hata leo watu wengi wa dunia huyaita maradhi haya bilhazia.

Hata hivyo swali kubwa lilikuwa halijajibiwa: mnyoo huingia kwa njia gani? Wengine walisema kwa maji ya kunywa. Wengine, na mmoja wao alikuwa Arthur Looss, mtaalamu mkubwa wa minyoo aliyekuwa Cairo, walisema kwamba kijidudu kitokacho katika yai humwingia mtu moja kwa moja, bila kupita kwa mnyama mwingine. Jibu lilipatikana wakati wa vita. Mwaka 1915 serikali ya Uingereza, ikihofia askari wake waliokuwa Misri, ilimtuma Robert Leiper akatafute. Wataalamu wa Japani walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 1913, kwamba mnyoo ndugu wa huyu, aliyeko kwao, hulelewa na konokono wa majini. Leiper akaenda katika kijiji cha El Marg karibu na Cairo, akakusanya konokono wa mifereji, akawachunguza jamii baada ya jamii. Akathibitisha kwamba konokono ndiye mlezi, na kwamba vibuu vitokavyo kwa konokono huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Zaidi ya hayo alionyesha kwamba kichocho ni cha namna mbili: cha mkojo, kilelewacho na konokono wa jamii ya Bulinus, na cha tumbo, kilelewacho na konokono wa jamii nyingine.

Tueleze safari ya mnyoo huyu kwa ufupi, maana bila kuifahamu hatutaelewa yaliyofuata. Mtu mwenye kichocho hukojoa majini au kando ya maji. Mayai yaliyomo katika mkojo huanguliwa, na kila yai hutoa kijidudu kiogeleacho. Kikimpata konokono wa jamii yake humwingia, kikazaana ndani yake kwa majuma kadhaa. Kisha jua linapokuwa kali, konokono hutoa vibuu vingi sana, vidogo mno, na mtoto aliyekuja kuoga au kuchota maji hukutana navyo. Hupenya ngozi yake, pengine akawashwa kidogo, pengine asihisi lo lote. Vikaingia katika damu, vikakua, dume na jike wakaoana, wakahamia katika mishipa iliyo karibu na kibofu. Baada ya miezi miwili au mitatu jike huanza kutaga, na huendelea kutaga kwa miaka.

Yai hili lina mwiba mdogo mwishoni. Mengine hupenya ukuta wa kibofu yakatoka na mkojo, na hayo ndiyo yaletayo damu. Lakini mengine hayatoki. Hukwama katika nyama ya kibofu, na mwili hujaribu kuyazungushia ukuta, kama vile mtu azungushavyo boma. Kibofu kikawa kigumu, njia ya mkojo ikaziba, figo zikajaa maji zikaharibika. Kwa watu wengine, baada ya miaka mingi, kibofu hufanya saratani. Kwa wanawake mayai huweza kukaa katika njia ya uzazi yakaleta vidonda na utasa. Haya yote hujitokeza ukubwani, lakini mbegu yake hupandwa utotoni, katika miaka ile ile ambayo mtoto hukaa mbele yetu darasani.

Na mtoto huyo, sisi walimu humwonaje? Humwona amekaa benchi la nyuma, macho mazito. Hesabu aliyoiweza jana leo haiwezi. Wakati wa michezo hukaa chini ya mti. Tukimwuliza, “Unaumwa?” hujibu, “Hapana, Mwalimu.” Wala hasemi uongo, maana hajui kwamba anaumwa. Damu yake hutoka tone baada ya tone, nyingine chache hata jicho haliioni katika mkojo, na mwili wake unapungua nguvu polepole kiasi kwamba yeye mwenyewe hana siku ya afya ya kuilinganisha na siku ya leo. Basi twamwita mvivu. Tukiwa wakweli, wangapi kati yetu hatujapata kumwita mtoto wa namna hiyo mvivu, na pengine kumwadhibu? Hilo ndilo deni letu katika historia hii, na yafaa tulikiri kabla ya kuendelea.

Tuje sasa katika habari ya dawa. Mwaka 1918, John Christopherson, daktari wa hospitali ya Khartoum, alitangaza kwamba amewaponya wagonjwa wa kichocho kwa kuwapiga sindano ya dawa itokanayo na madini ya antimoni. Ilikuwa habari kubwa, kwa kuwa kabla ya hapo hapakuwa na dawa iliyojulikana kuua minyoo hiyo ndani ya mishipa. Lakini ilikuwa dawa kali. Ilitiwa katika mshipa, sindano nyingi, kwa majuma kadhaa, nayo ilileta kutapika na kudhoofika kwa moyo. Mtoto asiyejisikia mgonjwa, nani angemshawishi aende kuchomwa sindano hizo mara kwa mara?

Misri walijitahidi kuwatibu watu wao kwa wingi kwa dawa za namna hiyo, na kazi hiyo iliendelea mpaka mwanzo wa miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema, lakini mabomba ya sindano yalitumiwa kwa mtu huyu kisha kwa mtu yule bila kusafishwa sawasawa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa njia hiyo homa ya ini ya namna ya C ilienea sana katika nchi ile. Waliokwenda kuondolewa maradhi moja yaliyokuwa kimya walirudi nyumbani na mengine yaliyo kimya zaidi. Tunaisimulia habari hii si kwa kuwalaumu waliotangulia, bali kwa sababu ina fundisho: anayemwendea mtu asiyelia na kumwambia “wewe u mgonjwa” amejitwika dhamana kubwa. Hana ruhusa ya kumwacha katika hali mbaya kuliko alivyomkuta.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1970, wataalamu wa Ujerumani walipopata dawa ya kumeza iitwayo prazikwanteli. Dawa hii hunywewa siku moja tu, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Na kwa kuwa shule nyingi za shamba hazina mizani, baadaye ulitengenezwa ufito wenye alama: mtoto husimama kando yake, na urefu wake huonyesha idadi ya vidonge. Basi kile kilichokuwa kazi ya hospitali sasa kiliweza kufanywa chini ya mwembe wa shule.

Je, mtoto asiyelalamika hupata faida gani akitibiwa? Swali hili liliulizwa katika wilaya ya Kwale, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980. Lani Stephenson na wenzake waliwapima watoto wa shule, wengine wakapewa dawa, na wengine kwanza wakapewa kidonge kisicho na dawa, ili walinganishwe. Baada ya miezi kadhaa walipimwa tena. Watoto waliopewa dawa walikuwa wameongezeka uzito kuliko wenzao. Hawakubadilishiwa chakula, wala hawakuhamishwa nyumba. Kilichoondoka ni yule mwivi tu, na sahani ikabaki kwa mwenyewe.

Dawa ilikwisha kupatikana. Ikabaki kazi ya kuwajua wagonjwa. Njia ya zamani ni kuuchuja mkojo, sentimita 10 za ujazo, na kuyahesabu mayai kwa hadubini. Mkojo huo hutakiwa uchukuliwe karibu na saa sita ya mchana, maana mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne na saa nane. Njia hiyo ni nzuri, lakini yataka chombo cha thamani na mtu aliyefundishwa. Njia ya pili ni ukanda mwembamba wenye dawa ncha moja. Huchovywa katika mkojo, na kama mna damu, hata iliyo chache isiyoonekana kwa macho, rangi ya manjano hugeuka kuwa kijani. Katika kisiwa cha Pemba, tangu mwaka 1986, serikali ya Zanzibar ikisaidiwa na Italia na Shirika la Afya Duniani, ilianza kuwapima watoto wa shule kwa ukanda huo na kuwapa prazikwanteli walioonekana na damu. Shule ndizo zilizochaguliwa, kwa sababu watoto wa umri wa shule ndio waogao zaidi, na ndio watoao mayai kwa wingi kuliko watu wa umri wo wote.

Lakini wilaya moja yaweza kuwa na shule nyingi, njia mbaya na gari bovu. Utaanza na shule gani? Kwenda kila mahali na kumpima kila mtoto ni gharama isiyobebeka. Hapa historia yetu inafika Kilosa, katika mkoa wa Morogoro, na inamfikia mwalimu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Christian Lengeler na wenzake wa Tanzania na Uswisi, waliokuwa na kituo chao Ifakara, walifikiri jambo ambalo kwa kulisikia laonekana jepesi mno. Walisema: badala ya kuanza na mkojo, tuanze na swali. Wakaandika karatasi ya maswali, wakaipeleka kwa njia ile ile ya kawaida ambayo barua za elimu hupita, kutoka ofisi ya wilaya mpaka kwa mwalimu mkuu wa kila shule. Hakuna gari la mganga lililopita wala mgeni aliyeonekana. Mwalimu aliwauliza watoto wake mmoja mmoja: Katika mwezi huu uliopita, ulipata kikohozi? Uliumwa kichwa? Uliumwa tumbo? Uliona damu katika mkojo? Uliumwa kichocho? Swali la kichocho liliwekwa katikati ya maswali mengine, ili mtoto asijue kwamba hilo ndilo linalotafutwa, akaona haya au akajibu apendavyo mwulizaji.

Karatasi zikajazwa, zikarudi kwa njia ile ile. Kisha ikafuata hatua ya pili: walimu walifundishwa kutumia ule ukanda, wakawapima watoto katika shule zao. Majibu yalipolinganishwa, ilionekana kwamba neno la watoto lilikuwa kweli. Shule ambazo wengi walisema wameona damu, ndizo ambazo ukanda uligeuka kijani kwa wengi. Shule ambazo wachache walisema hivyo, kwa hakika hazikuwa na hatari kubwa, na ziliweza kuachwa kwanza ili nguvu na fedha ziende penye haja. Na gharama yake, ukiilinganisha na gharama ya kutuma kundi la wapimaji kila mahali, ilikuwa ndogo mno. Habari hizi zilitangazwa mwaka 1991. Baadaye jambo hilo hilo lilijaribiwa katika nchi nyingine za Afrika, zikiwamo Malawi, Zambia na Zimbabwe, na likaonekana kufaa huko pia.

Tuliangalie jambo hili vizuri. Kwa miaka 3000 na zaidi watoto walijua. Waliona damu kwa macho yao. Hawakusema kwa sababu hakuna aliyewauliza. Elimu yote ya hadubini ilikuwa ya lazima ili tufahamu ni nini kinachotoa damu ile. Lakini kuwajua wanaoumwa, katika wilaya nzima, kulihitaji mtu mzima anayeaminiwa na watoto, akae chini na kuuliza kwa upole. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kilosa ilionyesha kwamba kuuliza ni kipimo.

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba kila maradhi ya kimya yafaa kutafutwa kwa namna hii. Upo mfano mwingine, nao pia ni wa mkojo na wa watoto wa shule, ila ni wa nchi ya mbali na wa vijidudu vingine. Huko Marekani, katika jimbo la Virginia, Calvin Kunin alianza mwaka 1959 kuupima mkojo wa watoto wa shule za mji wa Charlottesville na vijiji vya karibu. Alikuta kwamba katika kila wasichana 100, karibu mmoja alikuwa na bakteria wengi katika mkojo bila kuumwa, na kwa wavulana jambo hilo lilikuwa nadra sana. Ilidhaniwa kwamba wakitafutwa na kutibiwa mapema, figo zao zitaokoka. Basi nchi kadhaa zikajaribu. Huko Uingereza, wachunguzi wa Cardiff na Oxford waliwafuata wasichana wa namna hiyo kwa miaka 4, wengine wakitibiwa na wengine wakiangaliwa tu, na mwaka 1978 wakatangaza matokeo: figo za waliotibiwa hazikuwa bora kuliko za wenzao. Wasichana wengi walikaa na bakteria hao bila kudhurika. Kwa sababu hiyo kuwapima watoto wote wa shule kwa ajili ya bakteria wa kimya hakushauriwi tena. Mtoto mwenye maumivu ya mkojo au homa ni habari nyingine. Huyo apelekwe kwa daktari upesi.

Mifano hii miwili yafaa ikae pamoja katika kichwa cha mtu. Kote kuwili maradhi yalikuwa kimya. Lakini kichocho humla mtoto polepole, na dawa yake humrudishia afya. Wale bakteria wa kimya kwa kawaida hawamdhuru, na dawa haikumfaa. Kabla ya kumtafuta mgonjwa asiyelia, yatupasa tujue mambo mawili: kwamba maradhi hayo yatamdhuru kweli, na kwamba tuna kitu cha kumpa kitakachomfaa. Kichocho kina yote mawili.

Ndiyo maana mwaka 2001 mataifa yaliyokutana katika Mkutano wa Afya wa Dunia yaliahidi kwamba watoto wa umri wa shule walio katika hatari wapewe dawa za minyoo, wasipungue 75 katika 100, ifikapo mwaka 2010. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba popote ambapo watu 10 au zaidi katika 100 wana kichocho, dawa itolewe kila mwaka, kwa wakubwa na wadogo, tangu umri wa miaka 2. Katika nchi nyingi siku hizi watoto wa shule zilizo katika hatari hupewa dawa wote pamoja, bila kupimwa kila mmoja, kwa sababu dawa ni salama na kupima kungegharimu zaidi.

Visiwani Zanzibar walikwenda mbele zaidi. Tangu mwaka 2011 mpaka 2017, katika shehia 90 za Unguja na Pemba, watu walipewa dawa mara mbili kwa mwaka. Katika nyingine konokono waliuawa kwa dawa ya majini, na katika nyingine wanakijiji na walimu walitafuta njia za kuwazuia watoto wasioge katika maji mabaya. Kichocho kilipungua mno, ila hakikwisha. Penye wagonjwa wachache, wenye mayai machache, hata ukanda huwapita wengine bila kuwaona. Basi kaskazini ya Pemba, tangu mwaka 2020 hadi 2024, walirudi katika kazi ya kutafuta: kupima shuleni, na akionekana mtoto mwenye kichocho, kumfuata mpaka nyumbani kwake na mpaka kwenye maji aendako, ili watu wa hapo nao wapimwe na kutibiwa. Kwa hiyo historia imerudi mlangoni pa shule.

Tena konokono huyu ni mvumilivu. Lambo likikauka wakati wa kiangazi, Bulinus hujificha katika tope gumu, akangoja mvua. Mvua ikinyesha hutoka, na mtoto aliyepewa dawa mwezi uliopita akioga humo huanza upya. Dawa humtoa mwivi nyumbani, lakini haifungi mlango. Mlango hufungwa kwa choo kinachotumiwa na watu wote, na kwa maji safi ya kisima au bomba, ili mama asilazimike kumtuma mtoto lamboni.

Basi ndugu zetu walimu na wazazi, na ninyi wanafunzi msomao karatasi hizi, tufanye nini? Mwanafunzi, ukiona damu katika mkojo wako, usiseme ni ukubwa. Mwambie mwalimu au mzazi siku hiyo hiyo. Wasichana huona haya zaidi kulisema jambo hili, kwa hiyo yafaa mwalimu mwanamke ndiye awaulize, faraghani. Mzazi, mtoto akikuambia, usimkaripie kana kwamba amefanya aibu; mpeleke zahanati, na ikiwezekana mkojo utolewe karibu na adhuhuri. Mwalimu, yule wa benchi la nyuma, kabla hujamwita mvivu, muulize. Muulize kwa upole, na maswali mengine yawe mbele na nyuma ya swali hilo, kama walivyofanya wenzetu wa Kilosa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Ndivyo tulivyofundishwa na wazee. Lakini watoto wetu hawakuficha. Walinyamaza tu, wakingoja kuulizwa, tangu zamani za wafalme wa Misri. Sisi tuliopewa kazi ya kukaa nao kutwa, tusiwangojeze zaidi.